Siku Moja Maishani Mwangu: Pikapu Mpya za Gitaa, Sauti ya Zamani

Saa mbili asubuhi. Nafungua karakana yangu hapa Kinondoni. Kazi ya leo ni gitaa la umeme la umbo la Les Paul ya Gibson, la kijana mmoja wa bendi ya rock anayetaka sauti ya Waingereza wa miaka ya 1960. Kabla ya kugusa bisibisi nalichomeka kwenye amplifaya nilisikilize. Nguvu linayo, tena nyingi, ila ukipiga nyuzi zote kwa pamoja sauti inakuwa uji.

Saa tatu. Nafungua kifuniko cha nyuma na kupima. Pikapu, yaani kile kidude cha sumaku na koili ya waya kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, ziko mbili: ya shingoni, na ya darajani, pale nyuzi zinapoishia. Ya upande wa daraja inasoma ukinzani wa kilo-omu 14, na sumaku yake ni ya seramiki. Jibu ni hilo hapo. Waya ukizidi kwenye koili nguvu inaongezeka, lakini sauti za juu zinamezwa. Wateja wengi wanaamini pikapu ya rock lazima iwe kali, na nitaendelea kuwabishia: magitaa yaliyopiga muziki ule yalikuwa na pikapu za kiasi tu. Ukali ulitoka kwenye amplifaya za valvu, zile taa za kioo za zamani, zilizofunguliwa karibu mpaka mwisho.

Pikapu ya koili mbili ilibuniwa na Seth Lover, fundi wa kampuni ya magitaa ya Gibson kule Kalamazoo, Michigan, aliyeomba hataza mwaka 1955 na kuipata mwaka 1959. Koili moja inapingana na mwenzake kwa mzunguko wa waya na kwa ncha za sumaku, basi mngurumo wa umeme unafutika na sauti ya nyuzi inabaki. Za mwanzo hazikulingana idadi ya mizunguko. Moja utaikuta na kilo-omu 7, nyingine inakaribia 9. Eric Clapton, mpiga gitaa wa Uingereza, aliporekodi na bendi ya John Mayall mwaka 1966, alichomeka Les Paul yenye pikapu za namna hiyo kwenye amplifaya ya Marshall, akaifungua kwelikweli.

Saa nne. Pikapu ninazofunga zimetoka kwa Seymour Duncan, kampuni ya kutengeneza pikapu, zimepewa jina la Seth Lover mwenyewe. Sumaku ni alniko 2, aina ya aloi, na koili hazikuchovywa kwenye nta ya kuzizuia zisitetemeke. Napima: kilo-omu 7.2 ya shingoni, 8.1 ya darajani. Safi.

Kulehemu ndiko kunakotaka utulivu. Waya wa zamani umevikwa wavu wa metali unaokwenda ardhini, na wavu huo lazima ushikwe mgongoni mwa volyumu, kile kifaa cha kuongeza na kupunguza sauti. Mgongo ule unakunywa joto, kwa hiyo naukwaruza kwanza kwa msasa, naweka lehemu kidogo, nasubiri ing'ae na kutambaa yenyewe ndipo nalaza wavu. Lehemu ikiganda na rangi ya majivu, nairudia. Volyumu nazo nabadilisha, naweka za kilo-omu 500, na kapasita ya toni, ya mikrofaradi 0.022, naiunga kwenye mguu wa kati wa volyumu, kama walivyofanya miaka ya 1950. Hapo ukipunguza volyumu, sauti haifunikwi na blanketi.

Saa saba, wali maharage kwa mama ntilie.

Saa nane. Nyuzi mpya, kisha nafungua pikapu zote mbili kwa pamoja. Sauti ingekonda ningejua zinapingana. Kuna waliopenda sauti hiyo, gitaa la Peter Green, mpigaji wa Fleetwood Mac, lilisifika kwayo, lakini si alichoagiza mteja wangu. Nabonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, kile kipande cha chuma kinachokatiza shingo, na kupima nafasi kati ya nyuzi na pikapu: milimita 2.4 shingoni, 1.6 darajani. Halafu nateremsha ya shingoni kidogo zaidi, kwa sikio.

Saa kumi mteja anaingia. "Shikamoo fundi." "Marahaba, mdogo wangu, kaa upige." Anapiga, anasita. "Mbona nguvu imepungua?" Namwambia aongeze kwenye amplifaya, siyo kwenye gitaa. Anaongeza, anapiga tena, anarudisha volyumu ya gitaa mpaka nusu, na ule mkwaruzo unageuka sauti safi, kila uzi unasikika peke yake. Hanisemeshi tena mpaka saa kumi na moja.

Namfungia pikapu za zamani kwenye mfuko, nazo ni mali yake. Namwonya pia: hizi hazina nta, zikikaribia spika iliyofunguliwa sana zitapiga filimbi, kwa hiyo jukwaani asimame pembeni ya amplifaya, asiielekee.