Sayansi ya darasa la ngapi?

Juzi binti yangu kaniuliza kama ni kweli Tanga kuna samaki aliyekuwepo tangu enzi za dinosaria. Nikamwambia ni kweli, na nimemwona kwa macho yangu. Hakuamini.

Ilikuwa miaka ile wavuvi walipoanza kumnasa silikanti kwenye majarife, 2004 au 2005 hivi. Alilazwa sakafuni Deep Sea, soko la samaki pale Tanga, mapezi yake manene kama miguu ya mtoto, watu wanasema nyama hailiki, mafuta matupu, inaharisha. Shuleni tukaambiwa wanasayansi walidhani alishatoweka, mpaka akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kengele ikalia, ikawa basi.

Nikaenda duka la vitabu, Ngamiani. Mzee mwenye kofia ya viua alikuwa anapanga kaunta buku.

"Shikamoo babu. Nataka kitabu cha samaki."

"Marahaba. Cha mapishi?"

"Cha sayansi."

"Sayansi ya darasa la ngapi?"

"Si ya darasa. Ya kusoma tu."

"Ya kusoma tu," akarudia taratibu, kama anayeonja chumvi. Akatazama rafu zake: juzuu amma, tamthiliya za kidato cha tatu, maswali na majibu ya mitihani iliyopita, rundo kwa rundo. Akapanda kigoda, akashuka na kitabu cha Baiolojia, akakifuta vumbi kwa kiganja, akanifungulia mwenyewe penye mchoro wa samaki aliyejaa mishale ubavuni.

"Si huyu?"

"Siye, babu. Wetu yuko Deep Sea."

"Sasa si ukamtazame huko? Bure!"

Mwaka 2009 silikanti akatengewa hifadhi ya bahari hapo hapo Tanga. Mimi kitabu nilikuja kukipata Dar, kwenye mitumba iliyotandazwa kando ya barabara, cha Kiingereza, kilichochapwa kabla wa kwetu hajaonekana. Komoro imo, Afrika Kusini imo, Tanga haimo. Cha Kiswahili cha kumpa binti sijakiona bado.

Kuna siku namlaumu yule mzee, kuna siku namwonea huruma. Shule hazikumwagiza vitabu vya aina ile, angemwuzia nani? Mteja alikuwa mmoja tu mchana ule, naye mfukoni alikuwa na nauli ya kurudia Chumbageni.