Mistari mitano ya homa ya ini B: jinsi nilivyoelewa majibu yangu

Karatasi niliyopewa ilikuwa na mistari mitano: HBsAg hasi, HBsAb hasi, HBeAg hasi, HBeAb chanya, HBcAb chanya. Kijana wa maabara, kwenye kliniki ndogo hapa Arua, Uganda, aliitupia jicho akasema, “Mama, hepataitisi unayo, ila si nyingi. Tuna dawa ya kusafisha ini.” Akataja na bei. Nikamwambia nitarudi, nikaikunja karatasi na kwenda zangu sokoni.

Kilichonipeleka kupima ni kaka yangu. Alijitolea damu, na kwa kuwa damu ya kujitolea hupimwa kabla ya kuwekewa mgonjwa, akaitwa na kuambiwa ana kirusi cha homa ya ini B. Sisi wa nyumbani tukashauriwa tupime, na asiye nacho achanjwe. Nilitegemea jibu moja, ninacho au sina. Nikapata mistari inayobishana.

Ushauri haukukosekana. Mwenzangu tunayeuza naye vitenge, huvuka mpaka wa Kongo kufuata soko la Ariwara, aliahidi kuniletea mizizi kutoka huko. Wifi yangu naye alikwishatenga vikombe na sahani za mumewe. Kazi ya bure hiyo: kirusi hiki hakipiti kwenye kikombe. Hupita kwenye damu, kujamiiana, sindano na nyembe za kuchangia, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa.

Mizizi nikaiacha, nikapeleka karatasi hospitali kubwa. Daktari niliyemkuta hakuanza na neno “chanya”. Aliniuliza kama nimewahi kuchanjwa (sijawahi), kisha akageuza karatasi akachora duara lenye kiini ndani.

HBsAg, akasema, ni ganda la kirusi chenyewe. Likionekana kwenye damu, kirusi kipo. Likizidi miezi 6 bila kutoka, ugonjwa ni sugu. HBsAb ni kinga ya mwili dhidi ya ganda hilo, na huipata aliyechanjwa au aliyepona. HBeAg huonekana mara nyingi kirusi kinapozaliana kwa nguvu, na HBeAb ni kinga dhidi yake. HBcAb ni kinga dhidi ya kiini, na hapo ndipo nilipoanza kuona mwanga: chanjo imetengenezwa kwa ganda tu, haina kiini, kwa hiyo haiwezi kuleta HBcAb. Mwenye nayo amekutana na kirusi chenyewe. Ni kama nyayo uani: zinakwambia mtu amepita, hazikwambii kama bado yumo ndani.

Basi yangu yalikuwa hivi: ganda hakuna, nyayo zipo, kinga ya ganda haionekani. Hali hiyo ina maelezo manne. Huenda kipimo kimekosea. Huenda maambukizi ni mapya, ganda limekwisha kutoweka na kinga yake haijatokea. Huenda nilipona zamani na kinga ikapungua. Au kirusi kimejificha, kidogo mno kwa kipimo cha HBsAg kukiona. Hakuna hata moja iliyohitaji dawa ya kusafisha ini.

Daktari aliyapunguza moja baada ya jingine. HBeAb nayo kuwa chanya ilimfanya asiamini sana habari ya kipimo kukosea, lakini alirudia vyote kwa mashine. HBcAb, kinga ya kiini, ikabaki chanya. Kipimo cha IgM, ambacho huonyesha maambukizi ya karibuni, kikatoka hasi. DNA ya kirusi haikuonekana. HBsAb ilikuwa 4, wakati kinga inayotosha huanzia 10. Akanichoma chanjo moja, na mwezi uliofuata HBsAb ikapanda kupita 100. Mwili, kumbe, ulikuwa unakumbuka. Niliambukizwa zamani, yaelekea utotoni, nikapona bila kujua. Uganda ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002. Mimi nilikwisha kuwa mkubwa.

Jambo moja alilisisitiza. Hata baada ya kupona, kirusi huacha mbegu yake ndani ya seli za ini, na dawa zinazoshusha sana kinga ya mwili, kama baadhi ya dawa za saratani, zinaweza kukiamsha. Kwa hiyo aliandika “HBcAb chanya” kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la hospitali, daktari yeyote aione kabla ya kuniandikia dawa za namna hiyo.

Wengine nyumbani walikuwa hasi mistari yote, wakachanjwa dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya mwisho mwezi wa 6. Wifi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na vikombe vikarudi kabatini.

Kaka ndiye mwenye ugonjwa sugu. Kwake mistari mitano haikutosha. Ilibidi wapime wingi wa kirusi, kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT, na hali ya ini lenyewe, ndipo waamue kuhusu dawa. Sasa anameza tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku. Akipewa majibu mapya hunionyesha mimi kwanza, tunaandika maswali, kisha anakwenda nayo kwa daktari.