Siku moja maishani mwangu: 27 Februari, Songea, na watoto 43

Saa 11 alfajiri niko macho, napiga pasi skafu za watoto ambao kwao hakuna pasi. Watu hudhani Siku ya Mashujaa wa Majimaji walimu tunapumzika kwa kuwa hakuna vipindi. Kwangu ndicho kipindi kikubwa kuliko vyote vya mwaka.

Saa 1 niliita majina: 43, wote wapo. Saa 2 tukashika njia ya mtaa wa Mahenge, hapahapa mjini, kwa miguu, wawili wawili, utelezi mtupu. Saa 3 tulikuwa Makumbusho ya Majimaji.

Tukapangwa mstari wa mbele, juani. Mgeni rasmi yuko njiani. Saa 4, yuko njiani. Saa 5 chupa za maji zimekauka na binti mmoja anayumba. Nilimdaka kabla hajafika chini, nikamlegeza skafu, nikamnywesha maji yangu yote. Nikamwendea mratibu kuomba watoto wakae kivulini. "Mwalimu, vumilia, mstari utavurugika." Nina miaka 11 kazini, mtoto niliyekabidhiwa na mzazi wake hazimii kwa ajili ya mstari. Niliwatoa wote nikawakalisha chini ya mti.

Hapo ndipo somo lilipoanza. Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani: pamba ya kulazimishwa, Umatumbi, nchi ya Wamatumbi, kuwaka moto Julai 1905, maji ya mganga Kinjikitile yaliyoaminiwa kuzuia risasi, Wangoni kuingia vitani. Kisha 27 Februari 1906, Wajerumani wakawanyonga mashujaa zaidi ya 60 hapa Songea, wakawafukia kaburi moja.

Kijana mmoja, mkimya sana darasani, akanyosha mkono. "Mwalimu, mbona Nduna Songea Mbano ana kaburi lake?"

Nikamweleza kwamba nduna huyo, kiongozi wa kivita wa Wangoni, alinyongwa siku chache baadaye, na wazee husimulia kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

"Wamekirudisha?"

Bado, nikamwambia. Novemba 2023 Rais wao, Steinmeier, alikuja hapahapa akaomba msamaha, akaahidi kitatafutwa.

Akanyamaza.

Mgeni alifika, sikutazama tena saa. Hotuba, mashada, lizombe, ngoma ya Wangoni, likatikisa ardhi, sauti yangu imekauka, miguu inawaka. Wakati wa kuondoka yule kijana hakuwa kwenye mstari. Nilimkuta kwenye kaburi la Nduna, ameokota ua lililodondoka kwenye shada, anazunguka akiuliza wazee kichwani ni upande upi. Akaliweka.

Nikamshika mkono, nikahesabu tena. 43.