Shore wa mjini na shore wa Gede: nilipofika na rekoda yangu

Mnaouliza mradi wa sauti za ndege umefia wapi: haujafa, ulilazwa na kusi. Upepo ule ukishika Malindi, maiki hurekodi makuti ya minazi na si kingine, hata ukiivika sponji. Sasa umetulia, kwa hiyo naandika nilipofika.

Kwa mgeni wa mradi huu: namfuatilia shore, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anayekuwahi kwenye papai lako mwenyewe. Wapo ndege wa kujivunia zaidi. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko pale pale jirani, na watu husafiri kutoka ng'ambo kumtafuta mnana wa Clarke, ambaye duniani kote anajulikana kaunti ya Kilifi tu. Lakini mnana huyo hakai na tuktuk, na mimi nataka ndege anayekaa nazo. Shore yuko kwenye mwarobaini nyuma ya nyumba yetu hapa Maweni, na yuko pia kwenye miti ya magofu ya Gede, kilomita 15 hivi kusini. Ndege mmoja, makazi mawili.

Swali langu, je, kelele za mji hubadilisha wimbo wa ndege, nimeliazima. Mwaka 2003 Hans Slabbekoorn na Margriet Peet walichapisha utafiti wao wa mji wa Leiden, Uholanzi: ndege wadogo wa bustani wanaoishi penye kelele nyingi noti zao za chini kabisa zilikuwa juu kuliko za wenzao wa mitaa mitulivu. Sababu inaeleweka. Mngurumo wa magari umejaa kwenye sauti nzito za chini, sehemu kubwa chini ya kilohezi 2 (yaani mitetemo elfu mbili kwa sekunde), na noti inayoangukia humo inamezwa. Shore naye huimba jirani kabisa na eneo hilo.

Na kweli, nikifungua rekodi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kutazama spektogramu, yaani picha inayoonyesha sauti iko juu au chini kiasi gani, wimbo wa Maweni unaonekana umepanda juu kidogo kuliko wa Gede. Hapo ndipo wengi wangeshangilia. Mimi siamini bado, na sababu ni ya kipimo kabla haijawa ya ndege. Ukipima noti ya chini kwa macho, kwenye rekodi ya mjini sehemu ya chini ya wimbo imefunikwa na ukungu wa kelele. Jicho linaanza kuhesabu pale linapoanza kuona. Ndege anaweza kuwa ameimba vile vile alivyoimba babu yake, wewe ukaandika kwamba amebadilika. Watafiti wenyewe wamekosoana sana juu ya jambo hili. Kwa hiyo noti ya chini nimeiweka kando. Napima pale ambapo nguvu ya sauti ni kubwa kuliko pote, maana kilele hakifunikwi kirahisi. Kwa kipimo hicho tofauti ya Maweni na Gede inasinyaa. Haijaisha, ila si ile ya kwanza.

Hata ikibaki, si lazima iwe ya kelele. Eugene Morton alieleza mwaka 1975 kwamba msitu wenyewe huchuja sauti: majani na vigogo huvuruga mapigo ya haraka haraka, na miluzi ya chini ndiyo inayosafiri vizuri. Gede ni miti mikubwa, Maweni ni kuta na mabati. Halafu kuna lafudhi. Shore ni wa kundi la ndege waimbao, ambao wengi wao hujifunza wimbo kwa kuwasikiliza wakubwa, kwa hiyo mtaa na mtaa unaweza kutofautiana bila gari hata moja kupita. (Kunguru naye kiukoo yumo humo humo kwenye ndege waimbao. Mwambie hivyo mtu aliyeamshwa naye.)

Kinachonivutia zaidi ni mwendo wa mabadiliko yenyewe. Hapo jirani, kwenye milima ya Tao la Mashariki Tanzania, Jay McEntee na Rauri Bowie na wenzao walichunguza chozi, ndege mdogo anayefyonza maua, wa misitu ya vileleni. Wakakuta makundi yaliyotengana kwa laki nyingi za miaka ambayo bado nyimbo zao zinafanana, na mengine ambayo wimbo uligeuka kabisa kama kwa mruko. Upande wa pili kuna San Francisco ya mwaka 2020: magari yalipopungua kwa sababu ya korona, timu ya Elizabeth Derryberry ilikuta shomoro wa pale wameshusha sauti na kurudia noti za chini mwaka ule ule. Wimbo wa kujifunza unaweza kuganda kwa laki za miaka, na unaweza kugeuka ndani ya msimu. Shore wangu yuko wapi kati ya hayo mawili? Spektogramu peke yake haitanijibu.

Jambo jipya limetoka kwa mzee mmoja jirani, mgema. Nilimweleza habari za noti, akanisikiliza kwa adabu tu. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nikigema huku mjini, shore huanza nikiwa bado chini nafunga kibuyu. Nikigema kule Msabaha, hunikuta nishapanda." Msabaha ni huko huko upande wa Gede. Nikarudi kwenye rekodi. Maneno yake ni kweli: Maweni wanawahi kuliko Gede.

Nadhani ni taa. Bart Kempenaers na wenzake walionyesha mwaka 2010, huko Ulaya, kwamba karibu na taa za barabarani madume wa aina nne kati ya tano walizochunguza huanza kuimba mapema zaidi. Sisi tuna nafuu ambayo wao hawana: jua letu halihami zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima, kwa hiyo kulinganisha Januari na Juni si kazi ngumu. Tuna na nafuu nyingine, stima inapokatika. Alfajiri moja mtaa mzima ulikuwa giza, na shore alichelewa. Alfajiri moja si ushahidi, ila sasa stima ikipotea mimi ndiye pekee hapa Maweni ninayefurahi.

Kutenganisha taa na kelele ndiyo kazi inayofuata, na mahali pake ni Lamu mjini: taa zipo, watu wapo, adhana ipo, magari ni ya kuhesabu. Shangazi yangu wa Langoni amekubali rekoda ikae juu ya dari yake, kwa sharti kwamba ijizime kabla watu wa nyumbani hawajaamka. Maneno ya nyumba yake, anasema, hayana haja ya kusikika Malindi. Nimeitega izime saa kumi na mbili kamili.