Chaza wa jangwani

Mwaka wa kwanza wa kufundisha hali ya hewa ya kale nilianzia kitabuni. Nilibandika ubaoni picha za tembo wenye manyoya na barafu iliyofunika kaskazini mwa Ulaya, watoto wakanakili, wakafaulu mtihani. Baada ya wiki mbili niliwauliza hali ya hewa ya kale ilikuwaje, darasa zima likanyamaza. Sikuwalaumu. Tuko Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, na barafu hawajawahi kuigusa.

Njia nilionyeshwa na wavulana wawili waliokuwa wakicheza kuchunga nyuma ya darasa. Mbuzi wao walikuwa makombe meupe, yaani magamba ya chaza na konokono wa majini, makubwa kwa madogo.

"Mmeyatoa wapi?"

"Kule juu, Mwalimu. Njia ya mbuzi."

Kule juu ni zaidi ya saa moja kwa miguu kutoka ufuoni. Jumamosi iliyofuata tulitoka alfajiri, walimu watatu na watoto thelathini na wanane, na madumu ya maji juu ya punda. Tulisimama kwenye ukingo wa laga, mto wa msimu, iliyokauka. Ukuta wake una tabaka la udongo mweupe laini kama unga, na ndani yake makombe yamejipanga mstari mmoja mrefu. Nikauliza swali moja tu: nani aliyaleta?

Majibu yalikuwa mazuri. Ndege. Wavuvi walikula wakatupa. Gharika ya Nuhu. Sikumkatalia yeyote, niliwaambia waangalie karibu, bila kung'oa kitu. Binti mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, alipiga magoti mbele ya kombe lililokuwa bado limefungwa, pande zote mbili zimeshikana, mchanga umejaa ndani. Aliligusa kwa ncha ya kidole. "Huyu hakuliwa na mtu wala ndege, Mwalimu. Angefunguliwa. Huyu amefia kwake."

Mwili ulinisisimka. Wale wa gharika nao wakapata kazi: walihesabu konokono wadogo kama punje ya dengu, wa kadiri, na wakubwa kama kidole gumba, wote katika tabaka moja. Wenyewe wakasema walizaliwa hapa, wakakua, wakazaa. Maji hayakupita, yalikaa. Kisha tukageuka kuangalia bonde. Kama maji yalifika miguuni petu, Kalokol iko wapi? "Chini!" Soko, kanisa, shule, vyote chini.

Hapo ndipo nilipowaeleza kwamba miaka kama 8,000 iliyopita ziwa lilikuwa juu ya lilipo leo kwa takriban mita 80, likafurika kuelekea Mto Nile. Ndiyo maana tuna samaki aina ya mbuta na mamba wa Nile.

Miaka mingi humchanganya mtoto, kwa hiyo niliazima kamba ya nyavu kwa wavuvi. Sentimita moja, miaka 1,000. Kuzaliwa kwa Yesu ni upana wa kidole kimoja. Makombe yetu, vidole vinne. Yule kijana wa Nariokotome, binadamu wa kale ambaye mifupa yake ilichimbuliwa huku Turkana mwaka 1984, yuko kama hatua kumi na tano. Halafu nyangumi: mabaki yake yalipatikana Loperot, humu humu Turkana, mwaka 1964, na ana miaka milioni 17. Kamba ilitoka mlangoni mwa darasa, ikavuka uwanja, ikapita ua, mita 170. Leo bahari iko zaidi ya kilomita 700 kutoka hapo. Nyangumi alipanda mto wakati nchi hii ilikuwa bado ya chini na yenye unyevu. Ardhi ilipoinuka baadaye, ukame ukaingia na misitu ikapisha nyasi.

Kwa nini mvua ilizidi enzi za makombe? Nilizungusha pia, kile kichezeo cha watoto. Ikipungua kasi huyumba, na dunia nayo huyumba, ila polepole mno, maelfu ya miaka. Kuyumba huko kulifanya jua la kiangazi cha kaskazini liwe kali zaidi, pepo za mvua zikavutwa ndani ya bara, hata Sahara ikaota nyasi.

"Na sasa ziwa linapanda tena," kijana mmoja akasema. "Dunia imeyumba tena?" Nilimwambia maji hayo yanaletwa na Mto Omo kutoka mvua za Ethiopia, lakini joto linaloongezeka siku hizi duniani kote linatokana hasa na gesi zinazotoka tunapochoma makaa ya mawe na mafuta. Akaomba kamba. Miaka 150 haikujaa hata unene wake. Aliikazia macho kwa muda mrefu.

Niliwaeleza pia kuhusu sheria ya makavazi na urithi ya mwaka 2006, kwamba visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini, havichukuliwi bila kibali. Jumatatu, wale wavulana wawili waliniomba ruhusa, wakaenda hadi kule juu na kuyarudisha makombe yao. Siku hizi wanachunga mbuzi wa kokoto.