Siku moja maishani mwangu: farasi anayetoka damu puani

Saa 12:40 asubuhi, Newmarket, Uingereza, ninakofanya kazi ya udaktari wa farasi. Simu ya kwanza: farasi anachuruzika damu pua ya kushoto, na usiku kucha hakutoka bandani. Angekuwa ametoka mbioni tungefikiria mapafu. Huyu amesimama tu, kwa hiyo tunawaza ukungu (kuvu) kwenye mfuko wa koo, ule uwazi ambapo njia inayounganisha koo na sikio hupanuka kwa farasi, mmoja kila upande.

Saa 1:30. Kilo 500, yaani damu lita 40 hivi. Hematokriti, yaani asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu, inasoma 36, namba nzuri ya uongo: wengu umemwaga akiba yake, kipimo kitashuka baadaye. Tunaamini rangi ya ufizi, mapigo ya moyo na laktati, kitu kinachopanda damuni mwili ukikosa oksijeni. Kumtuliza, asepromazini haiguswi, hushusha presha. Zailazini, dawa nyingine ya kutuliza, kidogo inatosha.

Saa 3. Endoskopu, bomba jembamba lenye kamera, inapitishwa puani. Waya hutangulia kuingia mlangoni mwa mfuko, kisha bomba huzungushwa ili waya uinue kile kibamba cha gegedu. Ndani, juu kabisa kwa nyuma, kuna utando mweusi wenye kingo za njano, kama ukoko wa wali, umelalia ateri ya karotidi ya ndani. Mara nyingi ni kuvu aitwaye Aspergillus. Donge la damu haliguswi! Linazuia mafuriko. Tunachungulia na mfuko wa pili, halafu tunaangalia anavyomeza: chakula kikirudi puani, neva za kumeza zimeshaliwa, na mwenye farasi aambiwe kabla ya gharama za upasuaji.

Saa 5. Nusukaputi. Katheta, mrija mwembamba, inapitia mshipani shingoni, dawa ya rangi inachora mishipa kwenye eksirei, maana matawi hayafanani kwa kila farasi. Koili, waya mdogo uliojikunja wa kuziba ateri: ya kwanza huwekwa ng'ambo ya kidonda, upande wa ubongo. Ya pili upande wa moyo. Ukifunga upande wa moyo peke yake, damu itarudi kupitia mzunguko wa ubongoni, na farasi atavuja tena. Koili iwe pana kidogo kuliko ateri, la sivyo itateleza.

Saa 9. Kuamka ndiko kunakotutia jasho: mwili hauna damu ya kutosha, miguu inalegea. Kamba moja kichwani, nyingine mkiani.

Saa 11 jioni. Mwenye farasi anauliza dawa ya ukungu. Enilkonazoli, dawa ya kuua kuvu, tunaweza kuinyunyizia kwa endoskopu, ila haikai pale juu, hutiririka. Ateri ikishafungwa, utando mara nyingi hunyauka wenyewe kwa wiki kadhaa. Chakula kinawekwa chini sakafuni, kimelowekwa.