Kidoti cheupe kwenye jicho

Jumamosi, usiku

Marilyn Monroe ana vidudu usoni. Fundi anavitoa kimoja kimoja kwa njiti ya kiberiti aliyoichonga ncha, na kaniambia nisogee kidogo, nisimhemee. Ni wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu jioni upepo ukitulia. Ukiacha taa inawaka na rangi bado mbichi, asubuhi unakuta picha ina ndevu. Shavu la kushoto limepona. La kulia itabidi likauke kwanza, lipigwe msasa, lipakwe upya, na mwenye saluni aliyeagiza kazi ameshaanza kupiga simu.

Kibanda kipo Kirumba, hapa Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo kila kinachotoka pale kinanuka thina na dagaa. Kazi iliyomlisha miaka yote ni vibao: duka la dawa, fundi simu, majina ya mitumbwi, "Usikojoe hapa". Siku hizi mtu anaenda kwa wachapaji asubuhi, mchana ameshatundika bango lake. Waliombakia ni mastaa, maana saluni na baa kadhaa bado zinataka uso uliochorwa kwa mkono. Leo ukutani walikuwepo Marilyn, Elizabeth Taylor na wanja wake wa Cleopatra, Madhubala wa sinema za Kihindi akiwa ameinamisha kichwa, na Steven Kanumba, mkubwa kuliko wote, kwenye plaiwudi nzima.

Nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikawaangalia. Marilyn amefanana mno: nywele zile, macho ya kusinzia, doa la shavuni mahali pake. Na hana uhai. Kanumba kakosewa sikio na shingo imekuwa nene, lakini ukiingia pale kibandani unataka kumsalimia.

Nilimuuliza fundi kwa nini. Akajibu bila kuacha kuchokonoa, "Huyu mama sijawahi kumwona akiongea."

Kanumba kamwona akiongea, akilia, akigombana, akipiga magoti. Na kwetu Kanda ya Ziwa ni mtoto wa nyumbani, kazaliwa Shinyanga. Alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, fundi anasema hakuna uso alioagizwa mara nyingi kama ule: milango ya daladala, vibanda vya video, saluni za kiume. Mkono ukaizoea sura hadi ikawa haihitaji tena kuchorewa miraba. Marilyn kampata kwenye simu, picha moja, ile ile iliyo kwenye simu ya kila mtu.

Andy Warhol, yule msanii wa Marekani, naye alikuwa na picha moja. Marilyn alifariki Agosti 1962, na haukupita muda mrefu jamaa akachukua picha ya matangazo ya filamu ya Niagara, ya 1953, akaichapa kwa skrini ya hariri mara 50 kwenye kazi moja. Nusu ya kushoto imejaa rangi: nywele za njano kali, buluu juu ya macho, wekundu wa midomo uliotoka nje ya mstari. Nusu ya kulia ni nyeusi na nyeupe, kuna uso uliozama kwenye wino na kuna uliofifia hadi karibu haupo. Ipo kwenye jumba la sanaa la Tate, London; mimi nimeiona kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Watu wengi wanapenda upande wa rangi. Mimi naganda upande wa kulia, kwa sababu pale Warhol anakiri alichokuwa nacho mkononi: karatasi ya matangazo, basi. Yule mwanamke hakuwahi kuwemo. Fundi wangu anahangaika kumtafuta ndani ya picha hiyo hiyo, na ndiyo maana anachoka.

Nilimwambia pia kwamba Marilyn mwingine wa Warhol, wa 1964, aliuzwa New York mwezi Mei 2022 kwa takriban milioni 195.

"Za kwetu?"

"Za dola."

Akarudi kwenye vidudu vyake.

Kilichomfurahisha zaidi ni kusikia ana ndugu wa kazi. James Rosenquist alikuwa anachora mabango makubwa ya matangazo barabarani New York kabla dunia haijamjua, na huyo naye alimchora Marilyn mwaka 1962, akamkatakata vipande, vingine akavipindua juu chini. M. F. Husain, kabla ya kuwa mchoraji mkubwa wa India, alichora mabango ya sinema Bombay. Uzeeni akamzimikia mwigizaji Madhuri Dixit, akamchora na kumchora, na mwaka 2000 akatoa filamu kabisa ili amweke ndani. Hata Warhol alianza kwa kuchora viatu vya matangazo. Ni watu waliomjua staa kwa ukaribu ambao mtazamaji haupati kamwe: umepanda ngazi, mdomo wa mtu ni mkubwa kuliko kifua chako, na kutoka pale haufanani na mdomo hata kidogo. Fundi alicheka akasema hiyo ndiyo shida ya bango, ukiwa juu ya ngazi huna picha, mpaka ushuke uvuke barabara.

Halafu akanipa somo ambalo sikulitegemea. Alishika brashi akanionyesha kivuli chini ya pua ya Madhubala. "Kivuli kikianguka sawasawa chini, huyo staa. Kikienda pembeni, huyo kapigwa picha mtaani." Hajawahi kusoma habari za mwigizaji Marlene Dietrich na taa iliyowekwa juu mbele yake, ile iliyomchonga mashavu miaka ya 1930. Wala hamjui mpiga picha George Hurrell, ambaye studio za Hollywood zilimlipa kutengeneza sura hizo: kwanza taa, kisha negativu inapitiwa kwa penseli mpaka madoa yote ya ngozi yamekwisha. Fundi kaligundua kwa kunakili. Kanakili mwanga miaka yote hiyo akidhani ananakili pua.

Kwa Kanumba taa hiyo haimtoshi. Weusi wa kopo hautumii kwenye ngozi, anasema unaua uso. Anachanganya kahawia, nyekundu na buluu kidogo, na paji la uso analipandisha kwa njano, halafu ukingoni mwa shavu anapitisha buluu hafifu, kama mtu aliyesimama ufukweni saa nane mchana ziwa likimpiga usoni. Rangi yenyewe ni ile ya mafuta ya kopo, inayong'aa. Ni jamii ya rangi ya baiskeli aliyotumia Edward Saidi Tingatinga kwenye hadibodi zake Dar. Wajuzi wanaiona rangi ya kimaskini. Mimi naona kwa mastaa hakuna inayofaa zaidi, maana inakataa kabisa kufifia.

Mwisho kabisa, picha ikishakauka, ndipo anapoweka kidoti cheupe kwenye jicho. Kimoja kila jicho, upande mmoja, pointi ya brashi tu. Kabla ya hapo uso wowote ni kibao.

Na sasa la Shangazi.

Yeye ndiye aliyenifanya niwe nashinda pale. Ana picha yake ya studio, nyuma imeandikwa 1976 kwa kalamu, aliyopigwa hapa mjini akiwa msichana: mkono chini ya kidevu, wanja umevutwa karibu ufike sikioni, nywele zimetunishwa, anatazama juu pembeni ambako nina hakika palikuwa na ukuta tu. Imefifia sana. Niliomba fundi amchore kwenye kitambaa cha marekani kabla haijaisha yote. Alijitahidi sana. Kwa heshima alilainisha lile pozi, akanyoosha kichwa kidogo, wanja akaupunguza, ikatoka picha ya bibi mstaarabu wa ujanani.

Leo jioni nilimpelekea Shangazi kwake Pasiansi aione kabla haijakamilika. Shikamoo, marahaba, chai, habari za kila ndugu mpaka wa Sengerema, kisha nikaifunua. Akavaa miwani. Akaivua.

"Huyu mimi," akasema. "Ila siku ile sikwenda studio kuwa mimi, mwanangu. Nilikwenda kuwa Hema Malini."

Hema Malini, staa wa sinema za Kihindi! Nikacheka, yeye hakucheka. Akaanza kukagua. Wanja umeenda wapi? Kichwa mbona kimenyooka kama cha kitambulisho? Na hereni?

Hereni hazionekani kwenye picha, zimefutika pamoja na sikio. Akanieleza kuwa zilikuwa za mwenye studio, za duara, kubwa, zimetundikwa kwenye msumari kando ya kioo. Kila msichana aliyeingia alizivaa, akapigwa, akazivua, anayefuata akazivaa. Rafiki zake wote wana picha na hereni zile. Akaanza kuwataja mmoja mmoja, nani kaolewa Geita, nani yupo Nansio, nani katangulia, na wote wale mwaka ule walikuwa Hema Malini, zamu kwa zamu, kwa taa moja.

Nilimpigia fundi pale pale nikaweka spika. Akasema wanja ni rahisi, kichwa atakiinamisha upya, lakini hereni za dhahabu ni bei nyingine, kikopo kile kidogo kimepanda.

"Mwambie nitampa sato," akasema Shangazi.

Fundi akauliza sato wa ukubwa gani. Shangazi akanyoosha mikono kuonyesha, kana kwamba simu inaona, kisha akasema wa kutosha familia, na kidoti cha jicho asikisahau, kwa sababu hata hicho kwenye picha yake kimefutika.